Jinsi ya Kuajiri Waandishi wa Kujitegemea wa Makala za Kiswahili Zinazopatikana kwenye Google: Mwongozo Kamili

Makala 20 za kwanza nilizowahi kununua kwa ajili ya tovuti yetu ya ufugaji ziliwasili kwa wakati, zikiwa na urefu ulioagizwa, na kila moja ikiwa imerudia maneno “ufugaji wa kuku” kama tulivyoelekeza. Nilizipandisha zote ndani ya wiki moja. Aliyenionyesha kosa langu alikuwa mteja wa duka letu la pembejeo mjini Morogoro, ambaye alikuja na simu mkononi akaniuliza kwa upole “chanjo ya tabaka” ni chanjo gani, kwa kuwa tangu aanze kufuga hajawahi kuisikia. Mwandishi alikuwa amechukua makala ya Kiingereza kuhusu kuku wa mayai, ambao hata wafugaji wetu huwaita leyasi kutokana na neno la Kiingereza “layers”, lenye pia maana ya matabaka, akaipitisha kwenye programu ya kutafsiri, na programu ikawageuza kuku wale kuwa tabaka. Nilizisoma upya makala zote usiku ule, na kufikia asubuhi nilikuwa nimeziondoa 17.

Tangu wakati huo nimeajiri waandishi wengi wa kujitegemea, wengine kwa makala moja tu na wengine kwa miaka, na nimebaki na msimamo mmoja: mbinu za kuandikia injini za utafutaji hufundishika kwa mchana mmoja, lakini kulijua jambo lenyewe, na kuyajua maneno ambayo msomaji hulitajia, ni vitu ambavyo mwandishi huja navyo au haji navyo. Hatua zinazofuata zimepangwa kwa msimamo huo. Mifano ni ya ufugaji kwa sababu ndiyo kazi ninayoijua, lakini mwenye tovuti ya bima, ya vipuri vya magari au ya elimu anaweza kuzifuata vilevile.

Hatua ya kwanza: kusanya maneno ya wasomaji kabla ya kumtafuta mwandishi

Kosa la waajiri wengi ni kuanza na tangazo la kazi. Anza na daftari. Kwenye meza ya duka letu kuna daftari ambalo kila mhudumu huandika swali la mteja kama lilivyotamkwa, bila kulinyoosha. Humo hutakuta “dalili za ugonjwa wa Newcastle”. Utakuta “kuku wangu anazungusha shingo”, “kuku wanazubaa wanahara kijani”, “kuku wamekufa wote usiku mmoja”. Huyo mteja akifika nyumbani na kufungua simu yake, ataandika maneno hayohayo. Ugonjwa wenyewe vitabu vya ugani huuita mdondo au kideri, na daktari wa mifugo huutaja kwa jina la Kiingereza, lakini mfugaji ambaye bado hajui kuku wake anaumwa nini hawezi kutafuta kwa jina la ugonjwa. Hutafuta kwa kile anachokiona bandani. Makala inayojibu swali lake lazima ianzie hapo, na mwandishi atajua kuanzia hapo ikiwa tu umemwambia.

Kiswahili kina ugumu wake katika hatua hii, kwa sababu kitu kimoja kina majina kadhaa kulingana na mahali. Viazi vinavyoitwa mviringo au ulaya Tanzania Bara ni mbatata Zanzibar, na sehemu nyingi za Kenya ni waru. Nyanya za Bara ni tungule Unguja. Choroko za Dodoma ni ndengu za Nairobi. Makala yenye jina moja tu huenda isionekane kabisa kwa nusu ya watu uliokusudia kuwafikia. Kwa hiyo amua mapema unamwandikia nani, kisha orodhesha majina yote ambayo mtu huyo anaweza kuyatumia. Usione haya kuorodhesha maneno ya mchanganyiko pia. Watu huandika “bei ya vifaranga vya broiler” kuliko “bei ya vifaranga vya kuku wa nyama”, na mhariri anayesafisha Kiswahili mpaka neno ambalo watu hulitafuta linatoweka anaipendezesha kamusi na kumpoteza mfugaji. Sisi hutumia neno la mtaani kwenye kichwa cha makala na neno sanifu katika aya ya kwanza, yote mawili yakiwa karibukaribu ili msomaji ajifunze moja kupitia lingine.

Baada ya daftari, fungua Google na uandike mwanzo wa swali polepole, neno kwa neno, ukiangalia mapendekezo yanayojitokeza chini ya kisanduku. Google Trends itakusaidia kulinganisha maneno mawili, na kama tovuti yako ina umri wa miezi kadhaa, Search Console, huduma ya Google kwa wenye tovuti, itakuonyesha maneno ambayo tayari yanawaleta watu kwako, ikihifadhi kumbukumbu za miezi 16 iliyopita. Tahadhari moja: vifaa vya kukadiria idadi ya utafutaji mara nyingi havina takwimu za kutosha za Kiswahili, na hutoa sifuri au nafasi tupu. Sifuri hiyo isikukatishe tamaa. Nina kurasa ambazo kifaa kilisema hazina mtafutaji hata mmoja, nazo ndizo zinazosomwa kila siku.

Mwisho, panga maswali katika mafungu. Maswali yenye jibu moja huwa ukurasa mmoja: “kuku kuhara kijani” na “kuku kuzubaa na kuhara” yanakwenda pamoja. Maswali yenye majibu tofauti hutengwa hata kama maneno yanafanana, kwa kuwa anayetafuta “bei ya vifaranga” ana pesa mfukoni na anataka kununua leo, ilhali anayetafuta “jinsi ya kulea vifaranga” ameshanunua na ana wasiwasi. Ukiwachanganya hao wawili katika makala moja, wote wataondoka kabla ya kufika katikati.

Hatua ya pili: andika waraka wa kazi

Waraka wa kazi ni nusu ukurasa unaomwambia mwandishi anamwandikia nani, anajibu swali gani, na msomaji aweze kufanya nini akimaliza kusoma. Wetu mmoja, uliotumika kwa makala ya mdondo, ulisomeka hivi:

“Msomaji ni mfugaji wa kuku wa kienyeji kati ya 20 na 100, anasoma kwa simu, pengine usiku, na tayari ana kuku mgonjwa bandani. Swali lake: kuku anazungusha shingo, nifanye nini? Jibu lipatikane katika sentensi tatu za mwanzo. Taja mdondo, kideri na Newcastle mara ya kwanza pamoja, halafu endelea na mdondo. Eleza kutenga wagonjwa, nini kifanywe na mizoga, na kwa nini chanjo ya mdondo ya I-2 hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Usitaje kipimo cha dawa yoyote bila daktari wetu kukithibitisha. Weka kiungo cha ndani kwenda kwenye ratiba ya chanjo. Zungumza na angalau mfugaji mmoja aliyewahi kupoteza kuku kwa ugonjwa huu.”

Waraka huo hausemi makala iwe na maneno mangapi wala neno fulani lirudiwe mara ngapi. Google imeeleza waziwazi kwamba haina idadi ya maneno inayoipendelea, na ile orodha ya maneno yasiyoonekana kwa msomaji (meta keywords) ambayo wengi bado huwalipa watu waiweke kwenye msimbo wa ukurasa, ilishatangaza tangu mwaka 2009 kuwa haiitumii katika kupanga matokeo. Desemba 2019 mfumo wake wa BERT, unaosoma maneno kwa kuzingatia yale yanayoyazunguka, ulipanuliwa kwenda lugha zaidi ya 70, Kiswahili kikiwemo. Kwa hiyo mwajiri anayedai “ufugaji wa kuku” ijirudie mara 15 anaagiza makala mbovu kwa pesa yake mwenyewe, na katika lugha kama yetu ubovu huo huonekana haraka zaidi, kwa sababu Mswahili kwa kawaida angesema mara “kufuga”, mara “anayefuga”, mara “mfugaji”, na anapolazimishwa kung’ang’ania umbo moja sentensi zake hukauka.

Hatua ya tatu: tafuta mahali ambapo wajuzi tayari wanazungumza

Majukwaa ya kimataifa ya kazi za mtandaoni, kama Upwork, yana waandishi wazuri wa Kiingereza kutoka Kenya na kwingineko, lakini kwa Kiswahili cha fani maalumu nimevuna kidogo huko. Nilikovuna zaidi ni kwenye makundi ya WhatsApp na Telegram ya wafugaji. Kaa humo wiki mbili bila kusema neno. Utamwona mtu mmoja au wawili ambao swali likiulizwa saa nne usiku hujibu kwa utulivu, kwa mpangilio, bila kutaka sifa, na wengine wote huwashukuru kwa kuwaita “daktari” hata kama si madaktari. Mtu wa namna hiyo ni mwandishi ambaye bado hajaambiwa kuwa ni mwandishi. Mwendee faraghani.

Chanzo cha pili ni maofisa ugani waliostaafu, pamoja na wahitimu wa vyuo vya fani husika. Kwetu sisi Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kiko hapahapa Morogoro, na hiyo ni bahati ambayo wenye tovuti za kilimo walioko mbali hawana. Chanzo cha tatu ni wahitimu wa Kiswahili, kwa mfano wale waliopitia Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, au Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, au Chuo Kikuu cha Moi kule Eldoret. Hawa huandika lugha iliyonyooka lakini mara nyingi hawajawahi kushika kuku mgonjwa. Njia iliyotufaa ni kuwaoanisha: mjuzi anasimulia kwa sauti kwenye simu, mhitimu anaandika, na wote wawili wanalipwa na kutajwa chini ya makala. Inagharimu zaidi, lakini makala zilizozaliwa kwa njia hiyo ndizo ambazo sijalazimika kuziandika upya.

Kuhusu tangazo lenyewe sina mengi ya kusema. Omba mambo matatu tu: makala moja iliyokwisha kuchapishwa, aya moja kuhusu jambo ambalo mwombaji amelifanya kwa mikono yake, na bei anayoitaka. Usiombe vyeti. Aya ile moja hutenganisha waombaji kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu anayekopi huandika “nina uzoefu mkubwa katika kilimo”, na aliyelima huandika jinsi mvua ya Machi ilivyomharibia kitalu.

Hatua ya nne: toa kazi ya majaribio, na uilipe

Chagua waombaji watatu au wanne na uwape wote waraka uleule, kwa malipo yaleyale utakayolipa makala ya kawaida. Ninasisitiza malipo kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ya haki: kumwandikisha mtu bure kisha kumwambia hukumchagua ni dhuluma, na wapo waajiri wanaojaza tovuti nzima kwa “majaribio” ya namna hiyo. Ya pili ni ya manufaa yako mwenyewe, kwa kuwa mwandishi mzuri ana kazi nyingine, na hatakupa bidii yake bure.

Kwa ule waraka wa mdondo niliwapa kazi watu wanne. Mmoja, ambaye barua yake ya maombi ilikuwa safi kuliko zote, alianza hivi: “Katika ulimwengu wa leo, ufugaji wa kuku ni shughuli muhimu sana inayochangia kukuza uchumi wa kaya na taifa kwa ujumla. Hata hivyo, wafugaji wengi wamekuwa wakikabiliwa na changamoto mbalimbali.” Mwingine, fundi umeme anayefuga kuku nyuma ya nyumba yake, alianza hivi: “Kuku anayezungusha shingo huku anahara kijani huenda ameshapata mdondo, wengine huuita kideri au Newcastle. Mdondo hauna dawa ya kuutibu. Unaoweza kuwaokoa ni wale ambao hawajaugua, kwa hiyo weka simu chini kwanza, nenda kawatenge, ndipo urudi uendelee kusoma.”

Andiko la huyu wa pili lilikuwa na makosa ya tahajia karibu kila mstari. Alitenganisha viambishi, aliandika “r” palipohitaji “l”, na nukta zake zilitangatanga. Nilimwajiri yeye. Tahajia mhariri huisahihisha kwa nusu saa, lakini ile amri ya kuweka simu chini isingeweza kutoka kwangu, kwani mimi sijawahi kuamka alfajiri na kukuta banda kimya.

Unaposoma kazi za majaribio, jiulize maswali yafuatayo kwa mpangilio huu. Je, jibu limepatikana kabla ya kidole kuanza kusogeza ukurasa? Je, kuna walau jambo moja ambalo halipo katika kurasa kumi za kwanza za Google kuhusu swali hilo? Je, mwandishi ameeleza sababu, au ametoa amri tupu? Je, maneno uliyompa yamekaa mahali pake au yamepachikwa kama viraka? Kisha mpigie simu, umuulize swali moja la ziada kuhusu jambo aliloliandika. Aliyeandika anachokijua atakupa zaidi ya kilichomo kwenye makala. Aliyenakili atarudia sentensi zake au ataomba muda wa “kufuatilia”.

Hatua ya tano: lipa kwa makala, usilipe kwa neno

Utaratibu wa kulipa kwa neno tumeuiga kutoka kwa waandikao Kiingereza, nao haukifai Kiswahili. Neno letu moja, “asingelitununulia”, lingehitaji maneno sita au saba ya Kiingereza, maana yake mwandishi wa Kiswahili anayelipwa kwa neno analipwa sehemu ndogo tu ya kile anacholipwa mwenzake kwa wazo lilelile. Kibaya zaidi, utaratibu huo humtuza anayejaza. “Katika ulimwengu wa leo” ni maneno manne ya bure.

Kokotoa kwa saa. Tuseme makala inahitaji saa mbili za kuzungumza na wafugaji na mtaalamu, saa moja ya kusoma, saa nne za kuandika na saa moja ya marekebisho. Jumla saa 8, yaani siku nzima ya kazi. Ukitoa shilingi 10,000 za Tanzania kwa makala hiyo, umemlipa mtu shilingi 1,250 kwa saa, na ndipo utakapoelewa kwa nini makala za bei hiyo zimetafsiriwa na mashine: hakuna namna nyingine ya kuzifanya zilipe. Jiulize msomi wa fani yako analipwa kiasi gani kwa siku, na bei yako isiwe chini ya hapo. Ukishindwa kumudu makala nne kwa mwezi, nunua moja. Tovuti ya makala 12 nzuri kwa mwaka ni bora kuliko ya makala 100 ambazo mhariri mwenyewe anaona aibu kuzisoma kwa sauti.

Kuhusu muda wa malipo, desturi yetu ni theluthi moja kabla ya kazi na iliyobaki ndani ya siku saba baada ya makala kukubaliwa, kwa M-Pesa, Airtel Money au benki, gharama za kutuma zikiwa juu yetu. Waandishi huzungumza wao kwa wao. Mwajiri anayechelewesha malipo mara mbili hujulikana kote, na tangazo lake linalofuata hupata waombaji wale tu ambao hawana pengine pa kwenda.

Hatua ya sita: mkataba mfupi unaosomeka

Kurasa mbili zinatosha. Mkataba utaje kazi, bei, tarehe, idadi ya marekebisho (sisi tunaruhusu mawili), na malipo ya nusu endapo utaighairi kazi iliyokwisha kuanza. Kifungu kinachosahaulika zaidi ni cha hakimiliki. Nchini Kenya, Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 huichukulia kazi iliyoagizwa kwa malipo kuwa imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa wahusika wamekubaliana vinginevyo. Tanzania Bara ina Sheria yake ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na Zanzibar ina yake ya mwaka 2003, na kwa kuwa mwandishi wako anaweza kuwa Kisumu, wewe uko Moshi na msomaji yuko Pemba, usiache jambo hili litegemee sheria ya mahali fulani. Andika waziwazi nani anamiliki makala baada ya malipo, kama mwandishi anaruhusiwa kuionyesha kama sampuli ya kazi yake, na kama jina lake litatajwa. Mimi huruhusu yote mawili ya mwisho bila kuombwa.

Weka pia kifungu cha picha, maana picha iliyookotwa kwenye matokeo ya Google ina mwenyewe. Tunataka picha alizopiga mwandishi au alizopewa kwa ruhusa ya maandishi, na kwa kweli picha ya simu yenye banda halisi la mabati humridhisha msomaji kuliko ile ya kuku weupe wa Ulaya kwenye nyasi za kijani.

Kama unalipa kupitia kampuni iliyosajiliwa Tanzania, kumbuka kodi ya zuio ya asilimia 5 kwenye ada za huduma anazolipwa mkaazi. Mweleze mwandishi kabla ya kukubaliana bei, na umpe cheti cha makato hayo. Wengi hufikiri wamepunjwa kwa sababu tu hakuna aliyewaeleza.

Hatua ya saba: elewaneni kuhusu akili mnemba (AI)

Hata jina lake bado halijatulia, kwa kuwa wengine wanasema akili mnemba na wengine wanasema akili unde, lakini mwandishi wako anaitumia au ataitumia, na ukimya wako hautabadilisha hilo. Msimamo wa Google, uliotangazwa Februari 2023, ni kwamba inaangalia ubora wa makala bila kujali imezalishwaje. Machi 2024 ikaongeza sera dhidi ya tovuti zinazozalisha kurasa kwa wingi kwa lengo la kupanda kwenye matokeo, ziwe zimeandikwa na mashine, na watu, au na wote kwa pamoja. Kabla ya hapo, Desemba 2022, mwongozo wa wakaguzi wake wa ubora ulikuwa umeongezewa kigezo cha uzoefu wa moja kwa moja juu ya vile vitatu vya awali, yaani utaalamu, mamlaka na uaminifu.

Sisi tumekubaliana na waandishi wetu hivi: mashine inaruhusiwa kupanga vichwa vidogo, kukagua tahajia na kupendekeza maswali yaliyosahaulika, hairuhusiwi kuandika aya, na hairuhusiwi kabisa kutoa jina la dawa, kipimo, bei au tarehe. Siziamini programu zinazodai kutambua maandishi ya mashine, hasa kwa Kiswahili, kwa hiyo sizitumii kumhukumu mtu. Ninachotumia ni ile simu ya hatua ya nne. Pia huomba rekodi ya mazungumzo na mfugaji aliyehojiwa, iliyofanywa kwa idhini yake, na mwandishi asiye nayo huwa ameshajieleza.

Hatua ya nane: hariri kwa macho matatu

Rasimu ikifika, isome kwanza kwenye simu, ukiwa umesimama, kama atakavyoisoma mfugaji. Ni ajabu jinsi aya nyingi zinazoonekana fupi kwenye kompyuta zinavyogeuka ukuta kwenye kioo cha simu. Kisha mtaalamu aipitie. Kwetu ni daktari wa mifugo anayelipwa kwa kila makala, na hakuna makala inayotaja ugonjwa inayochapishwa bila yeye kuipitisha, kwa kuwa mtu anaweza kuteketeza kuku wake wote kwa kufuata sentensi moja mbaya. Jicho la tatu ndilo la injini ya utafutaji, na kazi yake ni fupi: kichwa cha makala, maelezo mafupi yanayoonekana chini yake kwenye matokeo, vichwa vidogo, viungo vya ndani, na maelezo ya picha.

Kichwa kinahitaji uangalifu, kwa sababu maneno ya Kiswahili ni marefu na Google hukikata kichwa kulingana na upana wa kioo. Tanguliza maneno yanayotafutwa. “Mwongozo kamili na wa kina kuhusu namna bora ya kukabiliana na mdondo” hukatwa kabla ya kuutaja ugonjwa wenyewe. “Kuku anazungusha shingo: dalili za mdondo na la kufanya” kinaeleweka hata kikikatwa katikati.

Unapomrudishia mwandishi marekebisho, mweleze sababu ya kila badiliko kubwa badala ya kulifanya kimyakimya. Huu ndio ule mchana mmoja wa mafunzo nilioutaja mwanzoni, umegawanywa katika makala tatu za kwanza. Kufikia ya nne, yule fundi umeme alikuwa ananiletea vichwa vizuri kuliko vyangu, ingawa “r” na “l” zake hadi leo hazijapatana.

Hatua ya tisa: pima, kisha mshirikishe mwandishi kipimo

Usimhukumu mtu kwa mwezi wa kwanza. Ukurasa mpya unaweza kuchukua wiki au miezi kabla ya kupata nafasi yake, na mimi huangalia kwenye Search Console baada ya miezi mitatu: umeonekana mara ngapi kwenye matokeo, umebonyezwa mara ngapi, na kwa maneno gani. Ukionekana sana bila kubonyezwa, kasoro iko kwenye kichwa, nayo ni kazi ya mhariri. Usipoonekana kabisa, rudi kwenye daftari, maana pengine ulimwagiza ajibu swali ambalo hakuna anayeliuliza kwa maneno hayo. Mara chache kosa ni la mwandishi, na kumwachisha kazi kwa takwimu za namna hiyo ni uonevu. Mwachishe kwa sababu nyingine: kunakili, kuvunja tarehe mara kwa mara bila taarifa, au kubishana na daktari kuhusu dawa.

Safu ya maneno ya utafutaji ndiyo yenye utajiri. Kila robo mwaka huipakua na kumtumia kila mwandishi sehemu inayohusu makala zake. Safari iliyopita, chini kabisa ya orodha ya ule ukurasa wa mdondo, kulikuwa na maneno “kuku amepona mdondo anaweza kutaga tena”. Makala haikuwa na jibu la swali hilo. Nilimtumia fundi wangu mstari huo peke yake, bila maelezo, na kabla ya jioni akanijibu kwa picha ya tetea mmoja mwenye shingo iliyopinda kidogo, amelalia mayai, na ujumbe usemao: “Huyu hapa. Nianze kuandika lini?”